Vijana, Baiskeli na Vilima vya Tshangalele



Kila kiangazi kinapokaribia, swali ni lile lile katika mikutano ya vijana wa parokia zetu: mwaka huu matembezi yetu yatakwenda wapi, na kwa chombo gani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa lori la kukodi. Vijana sitini husimama nyuma, ngoma katikati, na nyimbo huanza mlangoni mwa kanisa zisikome hadi ukingoni mwa ziwa. Sasa wako baadhi yenu waliotuomba tuliache lori, twende kwa baiskeli, tuvizunguke vilima vilivyo kati ya Likasi na ziwa Tshangalele kwa siku mbili au tatu, tukilala kwenye vikanisa vya vijiji. Wazee kadhaa wamecheka. Sisi hatucheki. Twaliunga mkono ombi hilo, ila tuna sharti moja, na ni kwa ajili ya sharti hilo tumeshika kalamu.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeiona kutoka juu ya lori tu, yaani hamjaiona. Aliyezaliwa Kikula au Panda hahitaji kuambiwa kwamba mji wetu umejengwa juu ya vilima. Miguu yake yajua. Kutoka hapa kwenda ziwani ni kushuka kwa jumla, lakini ni kushuka kwa hila: unateremka kilima kimoja, unapanda nusu yake, unateremka tena. Barabara kuu ya Lubumbashi ina lami nzuri, nayo ndiyo inayowavuta wasioijua. Tunawaomba muiepuke. Imejaa malori ya madini na matangi ya asidi, na upepo wa lori moja lipitalo kwa kasi watosha kumtupa mwendesha baiskeli mtaroni. Kumwomba Malaika Mlinzi atulinde ni wajibu wetu. Kumpa kazi isiyo ya lazima si imani.

Njia inayofaa ni ile ya udongo mwekundu ipitayo porini. Ni ndefu zaidi, na baiskeli itawatikisa mpaka meno. Lakini humo ndimo mtakamouona mkoa wenu: vichuguu vilivyo virefu kuliko nyumba, miti ya misuku, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, watoto wanaokimbia kando ya magurudumu wakitaka kujua mwatoka wapi. Wakati wa mvua njia hiyo ni tope, ingawa ndio msimu wa uyoga na vinkubala na mtu mwenye njaa hawezi kulalamika sana. Mwezi wa Oktoba ni joto la kuchoma. Mwezi wa Mei ndio bora: mvua imekwisha, majani bado ni mabichi, vumbi halijaamka, asubuhi ni baridi ya kupendeza, na tena ni mwezi wa Mama Maria, hivyo rozari haitahitaji kutafutiwa nafasi katika safari.

Kisha mtafika ziwani. Wengi hudhani Tshangalele lipo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mto Lufira, unaokwenda kaskazini kuungana na Lualaba, ulizibwa pale Mwadingusha, penye maporomoko ambayo wakati huo yaliitwa Cornet, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba. Maji yakarudi nyuma yakafunika bonde. Wavuvi wakaja, ndege wa majini wakaja, vijiji vikakua ukingoni. Mwaka 1982 UNESCO iliiandika sehemu ya bonde la Lufira miongoni mwa maeneo ya dunia ambamo watu na viumbe vya porini wapaswa kuishi pamoja bila kuangamizana. Ni heshima kubwa. Lakini mkiwa juu ya baiskeli mtaona pia jambo ambalo halionekani vizuri kutoka kwenye lori: nyaya nene za umeme zinapita juu ya vichwa vyenu, kilima hadi kilima, na chini yake zipo nyumba ambazo jioni huwasha koroboi. Tena maji yanayopita karibu na viwanda vya mji wetu huteremka hadi ziwani humo, na wataalamu wamepima shaba na kobalti katika samaki wake. Kijana aliyelala usiku mmoja katika kijiji cha wavuvi atayasoma maneno ya Papa Fransisko katika *Laudato si'*, waraka wa mwaka 2015, kwa macho mengine. Hatutamwambia asome nini ndani yake.

Sasa tuje kwenye sharti letu. Tutalieleza kwa kisa, nacho si cha kutuletea sifa.

Katika kiangazi kimoja kilichopita tulikwenda na vijana kumi na wanne kwa baiskeli kuelekea Kapolowe. Fulana zilikuwa za rangi moja, zenye picha ya Bikira Maria kifuani. Ratiba ilikuwa imeandikwa vizuri, saa kwa saa, na tuliyeiandika ni sisi. Mtu aliyefundishwa ualimu hawezi kuondoka nyumbani bila ratiba. Mnamo saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye mteremko mrefu. Ninyi mnaoendesha mwaujua utamu wa mteremko: miguu imetulia, upepo umejaa masikioni, kila mmoja anacheka bila sababu. Katikati ya mteremko huo alikuwapo baba mmoja aliyekuwa anapanda, akisukuma baiskeli ya makala kwenda mjini. Kamba ya mpira ilikuwa imemkatikia. Magunia matatu yalikuwa chini, moja limepasuka, na baiskeli yenyewe imelala kando kama ng'ombe aliyechoka. Aliinua mkono. Wa kwanza wetu alimwambia, "Pole, baba!" Wa pili naye, "Pole, baba!" Wote kumi na wanne walimpa pole, na sisi tuliokuwa mwisho kabisa kama wachungaji tulimpa pole yetu ya kumi na tano, tukapita. Breki zilikuwa zinafanya kazi. Tulisema moyoni kwamba misheni wanatungoja kwa chakula.

Mezani, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana aliuliza, "Mwalimu, yule baba tumemwacha na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Saa tisa, tukirudi, tulipanda kilima kile kwa miguu, maana hakuna awezaye kukipanda vingine, na pale mahali palikuwa na weusi wa makala tu katika vumbi na alama za miguu. Hatukupata kujua jina lake. Hatujui alifika mjini saa ngapi, au kama yule aliyekuwa amemwagiza makala alikubali gunia lililopasuka.

Kwa miaka mingi tumefundisha mfano wa Msamaria mwema, sura ya kumi ya Injili ya Luka, na kwa miaka yote hiyo tumewaambia watoto kwamba kuhani na Mlawi walikuwa na mioyo ya mawe. Injili haisemi hivyo. Yasema tu kwamba walimwona wakapita upande mwingine. Huenda walikuwa watu wema sana. Huenda walimpa pole. Tena lipo jambo ambalo hatukulitambua mpaka tulipoketi juu ya baiskeli: njia ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni mteremko. Yerusalemu uko mlimani, Yeriko uko chini ya usawa wa bahari, na kati yao mtu hushuka mita zipatazo elfu moja. Luka aandika wazi kwamba kuhani alikuwa akishuka. Aliyeupata mteremko hapendi kusimama. Na Msamaria, kabla ya mafuta na divai na nyumba ya wageni, ilimbidi afanye jambo moja dogo: ashuke juu ya mnyama wake. Halafu alimpandisha yule majeruhi juu ya mnyama huyo, maana yake ni kwamba sehemu iliyobaki ya safari yeye mwenyewe alikwenda kwa miguu.

Basi sharti letu ndilo hilo. Twendeni kwa baiskeli, lakini twende kama watu walio tayari kushuka. Kama twataka tu kuviona vilima na kupiga picha, lori linatosha, na lina nafasi ya ngoma.

Yafaa muwajue wenye njia hiyo, kwa kuwa si sisi. Miaka na miaka kabla ya kundi lolote la vijana kuwaza matembezi, wabeba makala na wauza samaki walikuwa wakiipita. Itazameni kinga ya makala siku moja kwa utulivu, kama mnavyotazama sanamu kanisani. Fremu imeongezewa nondo za chuma zilizochomelewa, kwa kuwa fremu ya kiwandani haikutengenezwa kwa ajili ya mzigo huo. Mkanyagio mara nyingi umeondolewa, maana baiskeli hii haiendeshwi, husukumwa. Magunia hufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani vilivyokatwa kama utepe. Breki ni unyayo wa mtu, au kandambili inayokandamizwa kwenye gurudumu mpaka inanuka. Na kiko kijiti kirefu ambacho huchomekwa chini ya mzigo mtu anapotaka kupumzika, kwa kuwa akiuacha uanguke, peke yake hawezi kuuinua tena. Hilo la mwisho ndilo tulilopaswa kulijua siku ile. Mkono ulioinuliwa haukuwa wa kusalimu.

Wako watakaotuambia kwamba makala yanamaliza msitu, kwa hiyo tusiwasifu wanaoyabeba. Ni kweli kwamba yanamaliza msitu. Mahali ambapo tulipita kivulini tukiwa vijana, leo mtapita juani. Lakini anayesukuma mara nyingi si mwenye tanuri, wala si yeye anayepata faida kubwa. Na bukari mliyokula kabla ya kuja mkutanoni ilipikwa kwa nini? Umeme unapokatika mjini, na hukatika, sisi sote twamngoja mtu huyo kwenye kona ya mtaa na kumpunguzia bei. Kumhukumu huku tukipika kwa jasho lake ni jambo linalohitaji kwanza tutubu sisi. Ongeeni habari ya msitu, pandeni miti, ulizeni kwa nini nyaya zipite juu ya kijiji bila kukipa taa. Hayo yote twayataka. Lakini yaulizeni mkiwa mmeshika magunia yake upande wa pili.

Baadhi yenu mmesema kwa sauti ya chini kwamba baiskeli ni chombo cha maskini, na kwamba vijana wa parokia nyingine watawacheka. Tuwasimulie habari za mtu mmoja. Gino Bartali alikuwa Mwitalia, mwanachama wa Aksyo Katolika, mwendesha baiskeli aliyeshinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1938, na kisha, baada ya vita, akayashinda tena mwaka 1948. Kati ya ushindi huo na ule ilikuwapo vita. Katika miaka ya 1943 na 1944, Wayahudi walipokuwa wakiwindwa nchini mwake, Bartali alificha hati na picha ndani ya bomba la fremu na chini ya kiti cha baiskeli yake, akaenda mamia ya kilomita kati ya Firenze na Assisi akijifanya anafanya mazoezi. Askari walimjua kwa umaarufu, wakamwacha apite. Hati hizo ziliokoa watu. Baada ya vita hakupenda kulisimulia jambo hilo, na dunia ililijua kwa upana baada ya kifo chake mwaka 2000; mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi huko Yerusalemu, ilimwandika miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa. Huko Italia pia, juu ya kilima kirefu karibu na ziwa Como, kiko kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli. Ndani yake zimetundikwa baiskeli za washindi. Twatamani kwamba siku moja itundikwe pia ya mbeba makala, lakini hilo ni wazo letu tu.

Sisi wenyewe hatukuhitaji kwenda Italia kujifunza heshima ya baiskeli. Wabenedikto walipofika Katanga mwaka 1910 na misheni zikaanza kuzaliwa, Neno halikufika vijijini kwa mapadri peke yao. Walikuwapo makatekista, na waliobahatika kati yao walikuwa na baiskeli moja, katekisimu moja na tochi. Hata leo viko vikanisa karibu na ziwa ambavyo padri hufika mara chache kwa mwaka, na katekista wa huko huongoza ibada ya Jumapili akiwa na kitabu kilichopotewa na kurasa. Mtakapolala kwake, msimpelekee fulana. Mpelekeeni chaki, daftari, kitabu cha nyimbo. Mketi naye mumsikilize jinsi anavyoshika shirika lake bila mshahara. Kati ya semina zote tulizohudhuria, chache zilitufundisha kama usiku mmoja wa namna hiyo.

Wazazi wameuliza habari za usalama, na ni haki yao. Hatutakwenda usiku, hatutapita barabara kuu, na atakayekuwa hana breki zinazoshika hatatoka mlangoni mwa kanisa, awe mwana wa nani. Wazazi wengine wameuliza kama inafaa wasichana waendeshe baiskeli. Twawajibu kwa heshima kwamba wasichana hao hao huteka maji, hubeba kuni na kwenda shambani kwenye vilima hivyo, na hakuna aliyeuliza kama inafaa. Tena katika safari ile tuliyoisimulia, kati ya watu kumi na watano, aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa alikuwa msichana.

Kwa upande wenu, tunaomba mambo machache. Aliye polepole zaidi ndiye atakayekwenda mbele, ili mwendo wake uwe mwendo wetu. Juu ya kilima sote tutashuka na kusukuma, hata wale wenye nguvu ya kupanda, na kama yupo anayesukuma mzigo, wawili watampa mwenzao baiskeli zao na kushika mzigo huo mpaka kileleni. Ombeni ruhusa kwanza: mzigo una namna yake ya kusimama, na mkono usiojua waweza kuuangusha. Msimpige picha mtu anayetoka jasho. Msimpe pesa kama vile mnamlipa akubali kusaidiwa. Muulizeni jina lake, na mtaje lenu.

Kuna waliotushauri tuandike katika karatasi ya safari, kama desturi, saa ya kufika kila kituo. Tumeandika vituo na tumefuta saa. Misheni wamekwisha kuambiwa kwamba chakula kikipoa tutakila kikiwa baridi. Iliyobaki ni saa ya kuondoka tu: saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya Mei, mbele ya kanisa, baada ya sala. Kila mmoja aje na chupa ya maji, viraka na gundi, na kamba mbili za mpira wa ndani, ndefu za kutosha kufunga gunia. Moja ni yake.